Ukurutu wa Ngozi Kavu: Jina Moja, Tiba Mbili

Mzee ambaye miundi yake inawasha usiku, ngozi imepauka na kuingia nyufa nyembamba, akiulizia tiba hapa Maili Moja, mkoani Pwani, anaweza kupewa majina matatu kabla hajafika Hospitali ya Tumbi. Jirani atasema ni mba. Muuzaji wa dawa atasema ni fangasi. Mwenye mjukuu anayejikuna atasema ni pumu ya ngozi. Kila jina lina dawa yake, na kwa mzee huyu zote zinaweza kukosea shabaha. Krimu ya fangasi haina cha kuua pale ambapo hakuna fangasi. Pumu ya ngozi ni jina lenye haki yake, lakini linafaa ile ekzema ambayo mara nyingi huanza utotoni, katika familia zenye pumu na mafua ya mzio. Aliyeanza kuwashwa akiwa na miaka sabini, tena miguuni, ana tatizo la namna nyingine. Jina linalomfaa ni ukurutu wa ngozi kavu, na ninalitetea kwa sababu sehemu zake mbili zinaeleza sehemu mbili za ugonjwa.

Madaktari huuita ekzema ya asteatosi, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha kukosa shahamu. Mfasiri mwaminifu angeandika “ukurutu wa ukosefu wa mafuta” akaenda zake. Tatizo ni kwamba Kigiriki chenyewe kinapotosha. Watoto ambao hawajabalehe wana mafuta machache sana yanayotolewa na tezi za ngozi, ila ngozi zao ni laini. Kinachopungua uzeeni na kuleta madhara zaidi ni mafuta mengine, yale yaliyo katikati ya seli za tabaka la juu kabisa: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hayo ndiyo huzuia maji ya mwili yasitoroke. Yakipungua, tabaka hilo hukauka, husinyaa na kupasuka kama tope la jaruba baada ya mavuno. Mfaransa Louis Brocq, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1907, aliupa jina kwa sura hiyo hiyo ya ngozi iliyopasukapasuka. Lakini ukavu peke yake si ukurutu. Huo tunauita kupauka, nao haudai daktari. Ukurutu huanza pale sabuni na vichokozi vingine vinapopenya nyufa, na kinga ya mwili ikajibu kwa uvimbe, muwasho na magamba. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni hauonekani sana. Mabaka huonekana ya kijivu, ya zambarau, au meusi kuliko ngozi iliyoyazunguka.

Kuna atakayeuliza: ngozi itakaukaje Pwani, mahali ambapo jasho halikauki? Swali ni la haki. Kweli kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua hukatika na usiku hupoa, na wenye ngozi kavu huzidiwa. Lakini hewa ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko bafuni. Ngozi ina asidi kidogo, pH yake ikiwa karibu na 5, na sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10. Mzee anayeoga mara mbili kwa siku kwa maji ya moto, akajisugua kwa dodoki na sabuni hiyo mwili mzima, huondoa mafuta ambayo mwili wake hauyarudishi tena upesi. Mtu akiwashwa hudhani ni uchafu, akazidisha kusugua. Vidonge vya presha vya kuongeza mkojo navyo huweza kuchangia ukavu. Visiachwe bila daktari, ila atajiwe.

Basi nusu ya kwanza ya tiba hujibu maneno “ngozi kavu”: maji ya uvuguvugu, kuoga kwa muda mfupi, sabuni kwapani, sehemu za siri na nyayoni tu, kisha mafuta mara mbili kwa siku, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando yanatosha. Ya nazi pia yanafaa: jaribio lililofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2004 liliyalinganisha na mafuta ya madini kwa watu wenye ngozi kavu, na yote mawili yakasaidia. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote, yalionekana kudhoofisha tabaka la juu la ngozi katika utafiti wa Sheffield wa mwaka 2013. Atakayesema huo ni uzee tu, wa nini kuhangaika, atazame utafiti wa Australia Magharibi wa mwaka 2014: katika makao ya wazee walikopakwa mafuta mara mbili kwa siku, michubuko ya ngozi ilipungua karibu nusu. Nyayo zipanguswe kabla ya kukanyaga sakafu ya saruji, mzee asije akateleza. Kanga iliyolowa mgando isikaribie jiko la mkaa, kwani hushika moto upesi.

Nusu ya pili hujibu neno “ukurutu”. Palipovimba na kuwasha panahitaji krimu ya steroidi ya nguvu ndogo au ya wastani kwa siku chache au wiki mbili, kwa maelekezo ya mtaalamu. Hapa majina ya mtaani ndipo yanapodhuru, kwa sababu “dawa ya fangasi” inayouzwa dukani mara nyingi ni mchanganyiko wenye steroidi kali ndani yake. Muwasho hutulia, mzee hushukuru, huendelea kupaka miezi mingi, na ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba huzidi kuchanika.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba ukurutu ni neno la kamusi, na watu wengi hawalitumii. Ni kweli. Lakini “ekzema” nayo wengi waliisikia kwanza kwa daktari, na haiwaambii chochote kuhusu maji ya moto wala dodoki. Wanaolitumia jina hili wajue tu mipaka yake. Kama usiku wanawashwa watu wote wa nyumba, huo huenda ni upele. Mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma, huenda vijidudu vimeingia ndani. Na nyufa zikienea kiwiliwili chote kwa mtu anayekonda, au anayehisi baridi na uchovu usioisha, mafuta ya nazi yasimcheleweshe: apimwe tezi ya shingo, na saratani ya mitoki itafutwe.