Chumba Kimoja na Sheria Yake: Funzo kutoka New York

Ndugu msomaji, bila shaka unakijua chumba cha kupanga: kitanda, jiko la mafuta pembeni, choo na bafu vya pamoja uani. Huenda umelelewa humo. Jiulize basi: serikali ikivikataza vyumba vya namna hiyo kwa kuwa ni duni, mpangaji ataenda wapi? Jiji la New York, Marekani, lilikwisha kulijibu swali hili, na jibu lilikuwa chungu.

Tangu karne ya 19, vibarua, mabaharia na wazee wasio na jamaa walilala katika nyumba za vyumba vya bei ndogo, hususan mtaa wa Bowery. Vingine vilikuwa finyu mno, vimetengwa kwa mbao na kufunikwa wavu wa waya ili wezi wasipenye. Msongamano, moto na maradhi viliwatia hofu watunga sheria. Mwaka 1955 jiji likazuia kujengwa kwa vyumba vipya vya aina hiyo. Katika miaka ya 1970 likawapunguzia kodi wenye majengo waliovigeuza kuwa makazi ya gharama kubwa.

Nia ilikuwa njema: kila mtu apate nyumba yenye jiko na choo chake. Lakini vyumba viliondoka kabla nyumba bora hazijafika. Makumi ya maelfu ya vyumba yalitoweka, na hiyo ikawa sababu mojawapo ya watu kulala barabarani. Mwaka 1979 wakili Robert Hayes alifungua kesi kwa niaba yao. Mmoja wa wadai, Robert Callahan, alifariki akiwa bado hana makao, kabla ya makubaliano ya mwaka 1981 yaliyolilazimu jiji kuwapa malazi wanaume wa hali yake. Mwaka 1985 jiji likakataza kubomoa vyumba vilivyosalia. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya jimbo ikaitengua sheria hiyo kwa kulinda haki za wenye mali. Majuto yalikuwa yamechelewa.

Hatusemi kwamba sheria haina kazi. Chumba kisicho na njia ya kukimbilia moto ni mtego, na mwenye nyumba hana budi kubanwa. Lakini kukirekebisha chumba si sawa na kukifuta. Wahenga walitufunza: usiache mbachao kwa msala upitao.

Nawe, mwanafunzi wangu, ungeanza kudai nini katika chumba cha jirani yako, bila kumfukuza humo?