Maswali Mawili kwa Mama

Shahada yangu ya kwanza ni ya historia, lakini kozi ya uzamili ninayoilenga ni ya takwimu. Kwa hiyo hapa Gitega najisomea usiku hisabati ambayo sikufundishwa darasani. Wengine huanza na vitabu vya uwezekano. Mimi nilianza na swali la mtu wa historia: sisi Warundi tulihesabiwa lini, na kwa njia gani?

Wabelgiji, waliotutawala kuanzia 1916 hadi 1962, walijali zaidi wanaume wenye nguvu kwa sababu ndio waliotozwa kodi. Sensa kuu ya kwanza ya Burundi ilifanyika 1979, ya pili 1990, ya tatu 2008 na ya nne 2024. Kati ya ile ya pili na ya tatu ilipita miaka 18, na vita vilivyoanza Oktoba 1993 vimo humo.

Katika kusoma huko nikakutana na William Brass. Mskoti huyu alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1940 kufanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, na tatizo lake ndilo la vilima vyetu: watoto hufariki bila kuandikwa popote. Njia aliyoibuni ni nyepesi kiasi cha kutia shaka. Kila mama huulizwa amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Tuseme akina mama wa miaka 20 hadi 24 wamezaa watoto 300, na 45 wamefariki. Hiyo ni asilimia 15. Ukiirekebisha kidogo kufuatana na umri ambao wanawake wa mahali hapo huanza kuzaa, unapata makadirio ya uwezekano wa mtoto kufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Akina mama wa miaka 30 hadi 34 hukupa ule wa miaka mitano. Kwangu mimi, hayo ni masimulizi ya mdomo yaliyoingizwa kwenye jedwali.

Nilipokwenda Muyinga likizoni nilimuuliza bibi yangu maswali hayo mawili. Akajibu: saba, na wote wako hai. Jioni, akichambua maharage, akasema kulikuwa na wengine wawili ambao hawakufikia kupewa majina. Ndiyo maana madodoso ya siku hizi humtaka karani aulize tena, waziwazi, kuhusu mtoto aliyelia kisha asiishi.

Lakini njia ya Brass ina masharti. Inadhani kwamba vifo havikubadilika ghafla, na kwamba kufa kwa mtoto hakuhusiani na kufa kwa mama yake. Mwaka 1993 masharti yote mawili yalivunjika. Mama aliyeuawa haulizwi, na watoto wake hawaingii upande wowote wa jedwali, si wa walio hai wala wa waliokufa. Aliyekimbilia Tanzania asirudi naye hayumo. Vitabu vingi vya mazoezi hulipitia sharti hili kwa mstari mmoja. Kwa anayetaka kuandika historia ya Burundi kwa tarakimu, hapo ndipo kazi yote ilipo.

Baadaye Brass na Kenneth Hill waligeuza swali wakamwelekezea mtoto: mama yako yu hai? Ndiyo sura niliyofikia sasa. Ina logariti nyingi, kwa hiyo wiki hii nimerudi kwanza kwenye kitabu cha sekondari.