Zanzibar na Tarehe Zake

Tunaposherehekea tarehe 9 Desemba hapa Roseville, watoto wetu waliozaliwa Minnesota wajue kwamba huo ni Uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961. Zanzibar ina tarehe zake.

Visiwa vikuu ni Unguja na Pemba. Karafuu nyingi hutoka Pemba, hasa tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, nalo hilo tusiwafiche watoto.

Uhuru wa Zanzibar ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid. Serikali hiyo ilidumu siku 33 tu. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume akawa Rais. Muungano ukafuata tarehe 26 Aprili. Miongoni mwetu wamo ambao wazee wao waliishangilia Januari ile, na wamo ambao wazee wao waliikimbia. Ndiyo maana tukifika hapo mazungumzo hupoa. Sisi tunaona heri watoto wazisikie habari zote mbili kutoka kwetu.

Leo Zanzibar ina Rais wake na Baraza la Wawakilishi. Watalii huingiza fedha nyingi kuliko karafuu, ingawa karafuu bado hununuliwa na shirika la serikali, kwa bei ya serikali.