Kutoka Ingobyi hadi 912

Kabla ya magari ya wagonjwa, mtu asiyeweza kutembea katika vilima vya Kigali alibebwa kwa ingobyi: machela ya kusukwa, miti yake ikiwa mabegani mwa wanaume wanne, wenzao wakifuata nyuma ili kuwapokea mlima ukiwachosha. Ulikuwa mpango wa dharura wa majirani, na ulifanya kazi.

Wa serikali ulichelewa. Sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu ilitoka 2007, mwaka ambao SAMU, huduma ya magari ya wagonjwa, ilianzishwa. Mwaka 2008 Rwanda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 11 inadai walindwe wakati wa maafa. SAMU huitwa kwa simu, namba 912. Kiziwi bado humhitaji jirani anayesikia ampigie.