Sumu ya Nyuki na Siri ya Homoni

Misitu iliyo juu ya Naro Moru, upande wa magharibi wa Mlima Kenya, ni makazi ya nyuki mweusi wa milimani ambaye F. G. Smith, mtaalamu wa ufugaji nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, alimpa jina la Apis mellifera monticola mwaka 1961, akimtenga na nyuki wa nyanda za chini anayejulikana kwa ukali. Upole wa nyuki huyo haubadili kilichomo mwibani, kwani yeye na mwenzake wa nyikani hubeba melitini, peptidi (yaani mnyororo mfupi wa asidi amino) ambayo ni takriban nusu ya uzito wa sumu iliyokaushwa. Mwiba ukishanasa katika ngozi ya mrina asali, kifuko cha sumu hubaki nao na kuendelea kusukuma hata nyuki akiwa ameondoka, ndiyo maana hukwanguliwa upesi.

Mpangilio wa asidi amino 26 za melitini ulitangazwa na Habermann na Jentsch, huko Ujerumani, mwaka 1967. Melitini ilifahamika zaidi kwa kupasua chembe nyekundu za damu, hadi majaribio ya miaka ya 1980 yalipoonyesha kwamba huchochea pia visiwa vya Langerhans, yaani vishada vya seli za kongosho, kutoa insulini. Hujipenyeza katika utando wa seli, huamsha kimeng'enya cha fosfolipasi A2 na kuifungulia kalsiamu njia, nayo kalsiamu huvifanya vijifuko vya homoni viungane na utando na kumwaga shehena yake nje.

Nyigu ana hila ya ndani zaidi. Mastoparani, peptidi ya asidi amino 14 iliyoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1979, ilijulikana kwanza kwa kuzifanya seli za kinga zimwage histamini, kemikali iletayo mwasho na uvimbe. Mwaka 1988 Higashijima na wenzake walithibitisha kwamba huwasha moja kwa moja protini-G, ambazo kwa kawaida hungoja amri ya kipokezi kilicho juu ya seli, na ambazo ugunduzi wake uliwapa Alfred Gilman na Martin Rodbell Tuzo ya Nobel mwaka 1994. Peptidi hiyo ni mgeni aingiaye kwa mlango wa nyuma bila kubisha hodi. Kwa kuitumia, maabara zilichochea seli za kongosho kutoa insulini na seli za tezi ya pituitari kutoa prolaktini, homoni ya maziwa.

Manufaa ya elimu hii yamekuwa ya maabara kuliko ya wodi, kwa sababu kipimo kinachochochea seli hakiko mbali na kile kinachoipasua. Mgonjwa wa kisukari wa Naro Moru au Nanyuki anayeuziwa sumu ya nyuki badala ya insulini anadanganywa, naye asiache dawa alizoandikiwa kliniki.