Mfungwa Nambari Moja wa Msituni: Picha ya Dedan Kimathi, 1956

Itazame mikono kwanza. Imefungwa pingu, ingawa mtu huyu amelala kwenye machela akiwa na jeraha la risasi. Kifua ki wazi, nywele ndefu zimesokotana kwa miaka ya kuishi msituni Nyandarua, na macho hayamkwepi mpiga picha.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni, alikamatwa karibu na Nyeri alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956. Serikali ya kikoloni ilisambaza picha hii kwa wananchi ili kuwavunja moyo waliokuwa bado wanapigana. Ilikusudiwa ionyeshe mhalifu aliyeshindwa. Wakenya wengi waliona jambo jingine kabisa, shujaa ambaye hajavunjika moyo, na hawakukosea.

Kesi ilisikilizwa Nyeri mwezi Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Kimathi hakushtakiwa kwa mauaji. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi bila kibali, kosa ambalo chini ya sheria za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni adhabu yake ilikuwa kifo. Rufaa zake zilikataliwa, akanyongwa katika Gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Alizikwa humo humo gerezani, kaburi lake likaachwa bila alama. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi akabidhiwe mabaki ya mumewe ayazike kwa heshima. Alifariki mwaka 2023 bila kuyapata.