Kuzaa bila dawa ya maumivu: kitanda kilifika Bukama, sindano haikufika

Wenzangu, wiki iliyopita dada mmoja wa grupu yetu aliniuliza: "Yaya, utazaa na peridirali ao bila?" Mimba yangu iko ya miezi saba na nitazalia hapa Bukama, kwa hiyo nilicheka. Ile sindano ya mgongoni inayoua maumivu, mimi sijaona mama hata mmoja wa kwetu aliyeipata. Lakini swali lilibaki kichwani. Ulaya wanawake wanasoma vitabu, wanalipa hata masomo, ili wazae hospitali bila dawa. Sisi tunazaa bila dawa siku zote, na hakuna aliyetuuliza kama ndivyo tunavyotaka. Mimi ni agronomu, si munganga. Niliyoyatafuta ni historia: ilikuwaje tukafika hapa?

Kwa wazungu nitapita haraka. Mwaka 1847, kule Edinburgh, munganga James Young Simpson alianza kuwanusisha wanawake klorofomu wakati wa uchungu. Kuna waliompinga na Biblia mkononi, kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1853 malkia Victoria mwenyewe aliinusa alipomzaa Leopold, na baada ya malkia nani angekataa? Kisha mwanzoni mwa karne ya 20, mji wa Freiburg huko Ujerumani, wakaja na morfini pamoja na skopolamini. Mama anasinzia, anaamka mtoto amekwisha kuzaliwa, hakumbuki kitu. Maumivu yalikuwepo, ila kumbukumbu ilifutwa, na wengine walifungwa kitandani wasianguke. Mambo kama hayo ndiyo yaliwafanya baadhi yao kutaka kuzaa macho wazi. Mwingereza Grantly Dick-Read aliandika mwaka 1933 kwamba hofu inakaza mwili, na mwili uliokazwa unaumia zaidi. Mfaransa Fernand Lamaze alikwenda Urusi ya Kisovyeti mwaka 1951, akarudi Paris na mafundisho ya kupumua na ya kumweleza mama kinachoendelea tumboni mwake. Mwaka 1956 Papa Pius wa 12 alitangaza kwamba njia hiyo si dhambi.

Dick-Read huyo aliamini kwamba mwanamke wa "kishenzi" anazaa karibu bila maumivu kwa sababu haogopi. Angemuuliza nkambo yangu. Alizaa tisa nyumbani, akapiga magoti na kushika mti wa nyumba, mama mmoja nyuma anamsugua mgongo, mwingine mbele. Maumivu aliyajua vizuri. Na katika wale tisa alizika wanne, kwa hiyo msinisikie kama ninasema zamani ilikuwa paradiso.

Sasa kwetu. Reli ilifika Bukama mwaka 1918 kutoka upande wa Elisabethville, na vijana wengi wa Kiluba walipanda treni kwenda kwenye migodi ya Union Minière. Mwanzoni walikwenda wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa, wengi walitoroka, na kampuni ikawa kila mwaka inatafuta wengine. Mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha mpango: mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi aje na bibi yake. Mmoja wa wakubwa wa mpango huo alikuwa munganga, Léopold Mottoulle. Hapo tumbo la mwanamke liliingia katika hesabu ya kampuni. Mama mjamzito alipimwa, alipata mposho wake, alisukumwa kuzalia hospitali ya kampuni, na mtoto alipimwa uzito tena na tena. Kampuni ilikuwa inajilelea wafanyakazi wa kesho, tuseme wazi. Lakini pia watoto waliokoka, na mama zetu waliona kwa macho yao kwamba hospitali inaokoa. Mazoea yakatoka kampi, yakafika mpaka kwenye maternite za misioni na za serikali.

Pamoja na hayo ulikuja ule mtindo wa Ulaya: mama analala chali, miguu juu, mlango umefungwa, wamama wa ukoo wanangoja nje chini ya mwembe. Hata kwao kulala kitandani si jambo la tangu Adamu. Mfaransa François Mauriceau aliandika mwaka 1668 kwamba mama azalie kitandani, na kwa munganga anayetazama hiyo ni rahisi zaidi. Kwa hiyo sisi tulipoteza magoti, mti wa nyumba na mikono ya mgongoni, na dawa iliyokuja mahali pake kule Ulaya haikupanda treni ya kuja huku. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kukosa peridirali.

Yanaweza kurudishwa. OMS ilitoa maagizo mwaka 2018: kila mama awe na mtu wake aliyemchagua pembeni, atembee, anywe na kula kama hana hatari, asukume katika mkao anaoutaka, na asikatwe njia kwa mazoea tu. Haya yote hayaombi mashine. Kwa mimba ya kwanza, uchungu wa mwanzo unaweza kuchukua muda mrefu sana, siku nzima hata. Ule wenyewe unahesabiwa njia ikifunguka sentimeta 5, na mara nyingi hauzidi saa 12. Kusukuma kunaweza kufika saa 3. Ukijua hesabu hii hutadhani unakufa saa ya nne.

Tena angalieni, "bila dawa" ya kwetu mara nyingi ni uongo. Kuna majani ambayo wamama wanayapika ili mtoto atoke haraka. Nimesoma mimea miaka mitano: jani moja linabadilika nguvu kulingana na udongo, majira na umri wake, na hakuna anayejua umekunywa kipimo gani. Likikaza tumbo kupita kiasi, kizazi kinaweza kupasuka. Na kuna seromu yenye oksitosini ya kuharakisha uchungu, inayowekwa wakati mwingine bila mama kuelezwa, na uchungu wake unakuwa mkali kuliko ule wa mwili wenyewe. Mukiona chupa inatundikwa, ulizeni: iko na nini ndani, na juu ya nini?

Lakini oksitosini hiyo hiyo, uniti 10 mara tu mtoto akitoka, hapana kuikataa. Haiui maumivu, inazuia damu, na damu ndiyo inatumaliza. Na ukishonwa, omba lidokaini. Hakuna sifa ya kushonwa ukiwa unasikia kila uzi.

Mimi nimeshapanga. Glavu, beseni, sabuni, vikwembe vinne, tochi na betri mpya. Feza ya kulipa nimeitenga mbali na ya mbegu, maana katika nchi yetu wako mama waliozuiwa na watoto wao hospitalini kwa sababu ya deni. Motari wawili wana namba yangu, ikiwa nitapelekwa kupasuliwa usiku. Na niliongea na mkunga mapema, si siku ya uchungu. Nilimwambia nataka kupiga magoti. Alinitazama, akasema yeye alifundishwa kwa kitanda, lakini tandiko chini iko, tutajaribu kama mtoto amekaa vizuri. Mama mdogo ndiye ataingia na mimi kunisugua mgongo. Mkunga amekubali, ila anawe mikono na sabuni, na majani yake ayaache nyumbani.